Geti la Korongo la Chini

Verl Haslam, mchimba makaa mstaafu, kila Jumamosi alizunguka makorongo kwa baiskeli yake ya matairi mapana, kilomita tisini za changarawe na vumbi jekundu. Kila geti la wafugaji alilolipita, alilifunga. Utotoni aliwahi kuacha moja wazi, baba yake akamchapa mkanda hadi akazirai. Wageni walioacha mageti wazi aliwatukana matusi ya nguoni.

Jumamosi hii, kwenye korongo la mwisho, jirani yake Dee Jorgensen, mfugaji, alikuwa amesimama katikati ya njia na sepetu mkononi. Alimtandika nayo kifuani, Verl akaporomoka na baiskeli yake.

"Nani alifunga geti langu wiki iliyopita?"

"Mimi! Lilikuwa wazi, ng'ombe wako wangetoroka!"

"Nililiacha wazi mwenyewe, mzee mzima hovyo! Maji yao yapo upande wa pili!" Teke likamvunja jino. "Huku geti unaliacha ulivyolikuta. Baba yako hakukufundisha?"

Kando ya uzio ng'ombe tisa walikuwa wamelala, wamevimba, ndimi nje. Wawili walikuwa bado wanapumua.

Dee akavua bunduki begani, akamtupia. "Ulifunga wewe, maliza wewe."

Verl akafyatua mara mbili. Kisha akapanda baiskeli, damu ikimchuruzika kidevuni, akafika kwenye geti. Dee alikuwa ameshalifungua. Verl akalipita, na kabla hajajitambua, mkono wake ulikuwa umeshalifunga.