Kitambaa Ambacho Sikukipandisha

Mpaka leo mtu akiniuliza ile kambi ilikuwa ya nini, nababaika. Ilikuwa miaka ya sabini, mimi niko Fomu Tatu katika shule ya wasichana pale Voi, na Madam, mwalimu wetu mkuu, akatuita ofisini wawili: mimi na binti mmoja wa mfanyakazi wa reli, kwao hasa upande wa Kisumu. Akasema kuna watu wanachukua vijana wiki mbili kisiwani huko Pwani, kuwafunza ujasiri. Na kuna wafadhili. Yule atakayerudi na ripoti nzuri zaidi kati yetu, watamsomesha Fomu Tano na Sita.

Nilitoka pale miguu haikanyagi chini. Mama alikuwa ameshaniambia wazi kwamba Fomu Nne ikiisha imeisha, wadogo zangu nao wanangoja. Nilikuwa naitaka Fomu Tano hiyo kuliko chakula. Mama mwenyewe alisikiliza habari za kisiwa huku akipepeta mbaazi, kisha akauliza, "Wiki mbili? Mnaenda kulima nini?"

"Hatulimi, mama. Tunaenda kulala nje."

"Kwani hapa hakuna nje?"

Swali hilo nilienda nalo mpaka kisiwani, na jibu lake sikulipata. Tulibebeshwa mikoba mizito, tukazunguka kisiwa kizima, tukarudi palepale tulipotoka. Haki ya Mungu, palepale! Nyumbani mtu akibeba mzigo, kuna mahali anaupeleka. Nilipomuuliza mkufunzi kwa nini, alicheka tu. Walikuwa na msemo wao mmoja, wakiurudia kutwa: "Hatuwaelezi. Mtajionea wenyewe."

Siku ya pili tu, hata bahari yenyewe sijaizoea, wakatugawa vikundi vya watu wanne. Kikundi chetu kilikuwa mimi, binti wa reli, na wavulana wawili kutoka Nairobi waliokuwa wakiogopa kaa. Tulipiga kura ya kiongozi ikaniangukia mimi. Tukapelekwa na mashua asubuhi kwenye kisiwa kidogo kisicho na mtu, tukaachiwa hema, unga, jerikeni moja la maji, na kitambaa chekundu. Mkufunzi akasema, "Mkizidiwa, kipandisheni juu ya mti. Sisi tutakuja. La sivyo, kesho adhuhuri." Basi. Hakusema kingine, na mashua ikaondoka.

Sasa, kwetu si milimani, ni upande wa chini, karibu na mto wa Voi. Mto wetu ukikauka umekauka. Mvua isiponyesha, mchanga ule ni wako: utakaa, utapika, utacheza mpaka uchoke. Hakuna nyoka, hakuna miiba. Mimi nikauona ule mchanga mweupe, mpana, mkavu, na vichaka kule juu vimefungana, nikatoa amri kama chifu: hema liwe hapa. Binti wa reli akasema, "Lakini huu mchanga una majimaji chini."

"Mchanga wa mto wote uko hivyo," nikamjibu.

"Huu si mto, wewe."

"Haya, wewe ndiye kiongozi?"

Alasiri bahari ikarudi. Hakuna aliyeniambia bahari huenda na kurudi! Ilianza kwa kulamba jiko letu, na kabla hatujamaliza kushangaa ilikuwa magotini. Tuliokoa hema na mablanketi. Jerikeni tulikuwa tumeliacha wazi, likaanguka, likajaa chumvi. Unga ukawa uji wa baharini. Tulikimbilia vichakani, tukakaa pale tukitazamana, mmoja wa wavulana akilia waziwazi.

Binti wa reli alikuwa ameshinda juani bila kitu kichwani. Akaanza kutapika. Midomo ilikuwa mikavu, mikono inamtetemeka. "Pandisha kitambaa," akaniambia.

Nilikuwa nacho mkononi. Nikawaza: kikipanda, tumeshindwa, na mimi ndiye kiongozi. Ripoti itaandikwa nini? Nikakikunja, nikakitumbukiza ndani ya nguo, kifuani.

"Pandisha, tafadhali."

"Ngoja kidogo. Nakutafutia maji."

"Utayatoa wapi? Tumezungukwa na chumvi!"

Nikachukua sahani ya bati nikaenda kuchimba, maana ndivyo tulivyolelewa. Kiangazi, mama zetu hawaendi kumlilia mtu. Wanashuka mtoni na kibuyu, wanachimba mchangani mpaka maji yatoke. Nilichimba karibu na bahari, nikaonja, chumvi tupu. Nikasogea. Chumvi. Kucha zikaanza kutoka damu. Ndipo nikakumbuka mama hachimbi ovyo, huangalia kwanza majani yako mabichi wapi. Nikapanda juu, nyuma ya vichaka, penye mmea wa kutambaa, wa kijani, nikachimba mpaka bega likaingia shimoni. Mchanga ukalowa. Maji ya kwanza nikayamwaga, kama desturi, nikangoja yatulie. Nikaonja. Yalikuwa na ladha ya kutu, lakini yalikuwa maji.

Nilimnywesha kwa kifuniko cha jerikeni, polepole, na jua halijazama. Alikunywa akinitazama, asiseme asante. Nikadhani ni uchovu.

Kesho yake mkufunzi alipofika, wavulana walimkimbilia wakinisifu. Alipelekwa shimoni, akaonja, akapiga mluzi. "Hii nimeiona leo!" akasema, akanipiga bega. Nikajua Fomu Tano ni yangu. Halafu akamwona binti wa reli amelala kivulini, macho yameingia ndani. Akachuchumaa, wakazungumza kwa sauti ya chini. Aliposimama akaniuliza, "Kitambaa kiko wapi?"

Nikakitoa kifuani. Hakucheka tena siku hiyo.

Wiki mbili zilipoisha, kwenye gari moshi la kurudi Voi tulikaa dirisha moja, mimi na yeye. Tulipopita stesheni ya Miasenyi ndipo akafungua mdomo. "Ungeniacha nife?"

"Si ulikunywa?"

"Na kama usingeyapata?"

Nilikasirika. Mtu umemchimbia maji kwa kucha zako, anakuuliza yale ambayo hayakutokea! Nikageukia dirisha. Lakini swali lenyewe lilibaki, na sikujua niliweke wapi.

Jumatatu Madam aliniita peke yangu. Ripoti mbili zilikuwa mezani. Akanisomea yangu: hodari, mwenye akili, mkaidi, haombi msaada hata mwenzake akiwa hatarini. Ya mwenzangu ilisema alijua mapema hali imeharibika na akasema.

Nilichanganyikiwa kabisa. Nyumbani, kumwambia mtu haombi msaada ni kumsifu. Na ni wao waliosema tujionee wenyewe! Nilisimama pale nikitafuta kosa langu liko upande gani, la hema, la kitambaa, au la kuzaliwa kule kwetu.

Madam alivua miwani. Kalamu ilikuwa mkononi, fomu ya wafadhili mbele yake, na mahali pa jina hapajaandikwa kitu. "Wewe binti," akasema taratibu, "unajua mimi naweza kuwaandikia barua, nikawaeleza. Una jambo la kuniambia? Kuna kitu unataka nikufanyie?"

Saa ya ukutani iligonga. Nje wasichana walikuwa wakifagia.

"Hakuna, Madam," nikasema.

Kisha akavaa miwani, akaandika jina la mwenzangu, na mimi nikamfungia mlango vizuri, nikaenda darasani.