Nimeenda Mufindi kutafuta kinyonga wa pembe tatu, nimempata mbele ya mama mkwe

Jumamosi, mwezi wa pili. Ukungu toka alfajiri, manyunyu hayakati, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Wakuu, heshima kwenu wote humu jukwaani.

Haya yametokea wiki hii hii. Penye uhakika nitasema, na nisipokuwa na uhakika nitasema pia. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona sentensi imekaa upande mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Rujewa, nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wazazi wangu ni Wasukuma, walihamia Usangu na ng'ombe zao. Saa hizi mpunga bado uko shambani, mashine imelala, bosi akatupa likizo.

Wife ana mimba yetu ya kwanza. Akasema twende kwao Mufindi, tukamwombe mama yake aje Rujewa kumsaidia akijifungua. Mama yangu mimi hayupo tena duniani, kwa hiyo tusipompata huyu hatuna mwingine.

Tukashuka Nyololo, tukachukua bodaboda mbili mpaka kijijini, ndani kabisa kwenye mashamba ya chai.

Sasa niseme ukweli, mimi nilikuwa na hamu yangu nyingine. Hobi yangu ni kutafuta vinyonga, vyura, mijusi na jamaa zao. Wengine mnaangalia mpira, mimi naangalia chini ya majani. Siuzi, sitengenezi dawa (najua kuna mtu ameshaanza kufikiria). Napiga picha kwa simu, namwacha aendelee na maisha yake.

Kwetu Usangu ni joto, tumezoea vyura wa kwenye majaruba ya mpunga na kenge. Mufindi ni dunia nyingine. Karibu na ukweni kuna kipande cha msitu wa asili kimebaki katikati ya chai kama kisiwa. Nilishasikia humo kuna kinyonga mwenye pembe tatu usoni.

Siku ya kwanza sikumwona. Lakini kule bondeni kwenye vinyungu, bustani zao za mabondeni, nilipata chura wa kijani mdogo kama ukucha wa kidole gumba, kajibandika kwenye jani la muhindi. Mvua inampiga na wala hana habari. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ya pili nikapata mjusi mwenye mkia wa bluu na nyoka mmoja mwembamba ambaye aliondoka kabla sijatoa simu. Sijui alikuwa nyoka gani, sitadanganya.

Nilikuwa na furaha sana wakuu. Furaha ya kitoto.

Tatizo likawa nyumbani.

Mimi nilivyolelewa na baba, mwanaume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona anakuja unatoka njiani, unaingia kichakani, unainamisha macho mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima. Sisemi Wasukuma wote wako hivyo, vijana wengi wameshaacha, na labda hata mimi ninazidisha.

Kwa hiyo kila nikimwona mama mkwe, naingia kwenye chai.

Siku ya tatu wife akaniambia, "Mama amekataa kuja Rujewa."

"Kwa nini?"

"Anasema hawezi kwenda kukaa na mtu ambaye akimwona anakimbia kama ameona chui."

"Si umwambie ni heshima?"

"Nimemwambia. Anasema heshima gani haina hata salamu? Na anasema mtu mwenye mke mjamzito anatafuta vinyonga ili iweje?"

Maana kule wapo wanaoamini mjamzito hatakiwi kuonana na kinyonga. Hata kwetu nimewahi kusikia. Mimi siamini sana, lakini siwezi kumcheka mtu anayemwogopea mwanae.

Kwa haki kabisa, mama alikuwa na hoja. Niko kwake, nalala kwake, nakula kwake, na simsalimii. Jioni ile nikajaribu kujiambia kesho nitasema "kamwene" kama wanavyosalimiana wao. Asubuhi akatoka na beseni, mdomo ukagoma. Nikaingia kwenye chai.

Basi leo.

Nilikuwa natoka msituni, mikono mitupu, nimelowa. Nikamwona mama mkwe anapanda na mzigo wa kuni kichwani. Kama kawaida nikatoka njiani, nikajichomeka kwenye kichaka, macho chini.

Miguu yake ikasimama.

"Mkwe! Usitikisike!"

Nikageuza macho kidogo tu. Begani kwangu, juu ya sweta, kuna kinyonga. Kijani iliyoiva, pembe tatu zimeelekea mbele, nyuma ya kichwa ana vipande vya ngozi kama masikio. Jicho moja linaniangalia mimi, lingine mama mkwe.

Mama ameshatupa mzigo chini, ameshika kuni moja ameinyanyua.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, nakuomba usimuue!"

Kuni bado iko juu.

"Siku zote hizo hujanisalimia," akasema, "leo unaniombea kinyonga?"

Nikasema, "Shikamoo mama."

"Saa hizi ndiyo shikamoo?"

"Kwa mila za kwetu naogopa kukukosea mama. Ndiyo maana napisha."

"Na kwetu asiyesalimia amenuna. Nimekukosea nini mimi? Nimekupikia, nimekupa mtoto wangu."

"Hujanikosea mama. Kamwene."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya kuni zake. "Ona alivyolowa! Na hilo lidude lake! Haya, litoe begani. Huingii nalo kwangu."

Nikamsogeza taratibu kwenye tawi. Nikapiga picha mbili, ya kwanza imetikisika. Nikambebea mama kuni, yeye akatangulia, mimi nikafuata nyuma mbali kidogo. Macho chini bado, hilo siwezi kuliacha kwa siku moja.

Nyumbani akamwambia wife, "Nitakuja Rujewa. Lakini kila asubuhi nasalimiwa. Akitaka kukimbia, akimbilie vinyonga vyake."

Wife akaomba kuona picha. Mama akasema mpaka mtoto azaliwe. Nimekubali, simu nimeiweka mfukoni.

Nilichojifunza: mimi nilikuwa nahesabu heshima ninayotoa, sikuuliza mwenzangu anapokea nini. Inawezekana bado nimekosea mahali, kwa hiyo wazee wa Kisukuma na wa huku Iringa nisahihisheni bila kunionea aibu. Na anayejua kinyonga jike naye ana pembe au la, aniambie, maana bado natafuta.

Picha nitawawekea hapo chini mtandao ukikubali.

Jioni hii tumekula ugali wa moto, mboga ya mnafu na maharage. Mama aliniletea sahani mwenyewe, akaiweka hatua chache kutoka nilipokaa, akasema "kula mkwe", nikasema "asante mama".