Filimbi ya Unyapara

Nilipopewa unyapara wa genge la reli pale chini ya Kibra, chakula kilinishinda wiki nzima. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza kwa karatasi za kufungia sukari, na kitabu cha kanuni za kazi nilikirudia mpaka pembe zake zikalegea. Kilisema genge huamrishwa na mtu mmoja tu. Mimi ni mwoga wa makosa, kwa hiyo maneno yale niliyashika kama mgonjwa anavyoshika dawa.

Katika genge lile alikuwamo mzee aliyenilea. Alikuwa shaushi, yaani sajini wa jeshi, katika kikosi kimoja na marehemu baba yangu, na baba alipofariki alinichukua, akanikuza kwa mahindi ya shamba lake. Kazini yeye ndiye aliyeimbisha. Reli ikipinda, watu kumi na wawili huchomeka mitaimbo chini yake. Mzee huita, wao huitikia, na kwenye neno la mwisho wote husukuma kwa pamoja.

Kilichoniuma ni kwamba nikitoa amri, watu walimtazama yeye kwanza. Akiinamisha kichwa ndipo walipoinuka. Siku moja mmoja wao akanitania, "Nyapara, wewe sema tu, mzee atatufikishia." Wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya toroli, nikakisoma tena kile kitabu cha kanuni.

Kesho yake nilimkuta mzee amekaa juu ya taruma la reli, anafunga viatu. Nyumbani sijawahi kusema naye nimesimama na yeye amekaa. Siku ile nilimsimamia, watu wote wakisikia, bila hata salamu. Nikamwambia wimbo umekwisha, kuanzia leo ni filimbi, na yeye akashike bendera nyekundu ya kusimamisha treni kule kwenye kona. Akainuka polepole. "Haya, mwanangu," akasema, akaichukua bendera.

Wimbo ulikuwa ukiwapa watu nafasi ya kuvuta pumzi. Filimbi haikuwapa. Wengine waliwahi, wengine walichelewa. Niliyaona hayo siku ya kwanza na ya pili, nikajiambia watazoea. Siku ya tatu reli ilirudi ghafla, mtaimbo ukaruka, ukamvunja mtu mkono. Mzee alikuja mbio kutoka kwenye kona, akavua kilemba chake, akaufunga ule mkono.

Mzungu mkaguzi akafika na toroli yake, akauliza ni nani aliyetoa amri. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini nilikuwa bado natafuta namna nzuri ya kuanza, pale mzee alipojitokeza, visigino pamoja.

"Mimi, bwana. Niliwaimbisha."

Hakuna aliyenitazama. Mzee akafukuzwa palepale, na kwa kuwa bendera hurudishwa kwa nyapara, alinirudishia mimi. Niliipokea.

Alasiri nikaenda kwake. Mkewe, mama yangu wa kunilea, alikuwa mlangoni anasuka kawa. Mzee aliponiona akainuka, ingawa magoti yake ni mabovu, akasimama wima.

Nikamuuliza kwa nini alisema uongo.

"Watu wakimwona mkubwa wao anaanguka, kesho hawatamsikiliza, na mwingine ataumia. Ulitaka askari. Mimi najua kuwa askari."

"Baba, keti."

"Ndiyo, afande."

Nilidhani ananitania. Nilimtazama mama, nikaona mikono yake imeacha kusuka. Mzee alikuwa amekwisha kuketi, mgongo umenyooka, viganja juu ya magoti.

Wimbo nimeurudisha. Wanauimba bila yeye, na reli inakwenda. Barua ya kumweleza mkaguzi ukweli nimeiandika mara saba. Kila mara naona neno limekaa vibaya, naichana, naanza upya. Najua ni woga ule ule, umevaa nguo ya usafi. Hata haya ninayoandika hapa nimeyafuta mara nyingi.

Kila Ijumaa baada ya sala napita kwake. Namkuta anapukuchua mahindi na mkewe, wakizungumza. Akiniona hunyamaza, huinuka. Mahindi humwagika kutoka mapajani mwake, na hainami kuyaokota mpaka nimwambie.