Mtihani wa Kikombe

Kikombe kikigonga sahani hutoa sauti ndogo, kavu, ya harakaharaka, kama meno ya mtu mwenye homa. Mpelelezi mstaafu aliisikia sauti hiyo mara nyingi maishani mwake, lakini inayomrudia sasa, anaponyoa ndevu, anapofunga kamba za viatu, ni ile ya mwisho. Ni ya fundi wa funguo, aliyesimama katika duka la dobi mchana kweupe, mkononi ameshika chai ambayo hakuiomba.

Watu walimwita Mzee Kikombe, na jina hilo alilipata kazini. Enzi zake hakuwa mtu wa makofi wala rungu. Alimkaribisha mtuhumiwa ofisini, akamvutia kiti, akampa chai ya moto iliyojaa hadi ukingoni, juu ya sahani, kisha akaanza kumuuliza habari za nyumbani. Hakumtazama usoni. Alitazama nje na kusikiliza.

"Uso unafundishika," alikuwa akiwaambia vijana waliotumwa kujifunza kwake. "Mdomo ndio usiseme kabisa. Lakini mikono haijapita shule."

Kikombe kikitulia, mtu alikunywa chai yake akaenda zake. Kikilia, alibaki. Wakubwa walimsifu kwa sababu watu wake walikiri bila alama mwilini, naye akaona fahari juu ya hilo, fahari ya mtu mpole katika kazi isiyo na upole. Nyumbani kwake hapakuwa na sahani ya kikombe hata moja. Watoto wake walikulia kwenye vikombe vya bati, na wageni walipouliza, mkewe alijibu kwamba katika nyumba ile kila mtu alipenda kunywa chai yake kwa amani.

Alipostaafu hakujua pa kuyapeleka masikio yake, akayapeleka kwa dobi. Duka lilitazamana na kituo cha polisi, na dobi ndiye aliyefua na kupiga pasi sare za kituo kizima, hivyo kukaa kwenye benchi lake kulikuwa kama kuwa kazini bila kufanya kazi. Hapo alikutana kila siku na wenzake wawili. Wa kwanza aliitwa Jalada, maana hakuamini jambo lolote ambalo halijafunguliwa jalada. Alikuwa mnene, mwenye kulisoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma. Wa pili alikuwa Shangazi, mwanamke aliyewahi kuongoza kitengo cha wizi, ambaye hata mabosi wake walimwita Shangazi kwa woga tu. Wote watatu waliketi migongo ukutani, nyuso mlangoni. Dobi alishachoka kuwaambia kwamba benchi lingefaa zaidi upande wa pili, mbali na mvuke wa pasi.

Walizungumza uhalifu na siasa, na siku hizo vitu hivyo viwili vilikuwa vigumu kutenganisha. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mtaa ulikuwa unaibiwa mchana, watu wakiwa kazini. Mwenye nyumba alirudi jioni, akafungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akakuta televisheni haipo. Mlango haukuvunjwa, mwizi aliufunga alipotoka, kama mgeni mwenye adabu. Diwani aliyekuwa akigombea tena alitaka mwizi apatikane kabla ya mkutano wake wa Jumamosi.

"Siku hizi wana kamera," alisema Jalada. "Kamera inamwona mwizi akiingia, inamwona akitoka, inamwona akipunga mkono. Ukiiomba ushahidi, imeharibika."

"Inaogopa kwenda mahakamani," alisema Shangazi. "Nauli nani atailipa?"

"Sisi tulikamata kwa ushahidi. Hawa wanakamata kwa ratiba ya kampeni."

"Aibu tupu," alisema Kikombe. "Mtu mmoja anatiwa ndani ili mwingine apigiwe makofi."

Maneno hayo aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe, na dobi aliyasikia.

Hawajamaliza hapo, aliingia mkuu wa upelelezi wa kituo kuchukua shati lake. Alikuwa bado kijana, na zamani aliwahi kuwa mwanafunzi wa Kikombe. Alimwita Mwalimu.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Mwizi wako hajambo?" aliuliza Shangazi.

Kijana alicheka kama mtu anayeumwa jino. "Shangazi, usinimalize. Diwani ananipigia simu asubuhi, mchana, jioni. Mke wangu ameanza kudhani nina mchepuko."

Kikombe alimhurumia, na huruma hiyo ilichanganyika na kitu kingine: hamu ya mzee kuulizwa. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa kitu.

"Milango haivunjwi," alisema. "Mlishaongea na mtu wa funguo?"

"Huyu wa hapo kona? Mwalimu, yule mtu mpole."

"Hata mimi mpole."

Shangazi akaangua kicheko. "Haya, tuonyeshe basi. Miaka yote tunasikia habari za kikombe, wengine hatujawahi hata kunusa hiyo chai."

Jalada mwenyewe ndiye aliyekwenda mgahawa wa jirani, akarudi na kikombe kimejaa, sahani chini yake, akitembea kama anayebeba yai. Fundi wa funguo akaitwa. Alikuja akijifuta vumbi la chuma kwa kitambaa, akidhani kufuli ya dobi imekwama.

"Karibu chai, fundi," alisema Kikombe.

"Asante mzee wangu, nimeshakunywa."

"Kunywa tena. Chai haishibishi."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Kikombe akageuka kutazama barabara. Akamuuliza habari za kazi, za mkewe, za watoto shuleni. Fundi alijibu vizuri, sauti imetulia. Lakini nyuma ya sauti hiyo kikombe kilikuwa kinalia. Kikaanza taratibu, kikazidi, mpaka chai ikamwagika sahanini na kutoka sahanini ikadondoka sakafuni.

"Mnisamehe," alisema fundi, akainama kufuta sakafu ya watu kwa kitambaa chake.

Alipoondoka, Kikombe alimgeukia mwanafunzi wake. Aliinua nyusi tu. Na mkuu wa upelelezi, aliyejifunza kazi kwa kutazama nyusi hizo, alichukua shati lake akavuka barabara haraka.

Jua halijazama fundi alikuwa mahabusu. Kibandani kwake walikuta funguo nyingi, kama inavyotarajiwa katika kibanda cha fundi wa funguo. Jumamosi diwani alizining'iniza kwenye waya jukwaani, zikametameta juani, akatangaza kwamba wizi mtaani umekwisha. Kikombe alisikia makofi kupitia vipaza sauti akiwa nyumbani, amekaa kwenye ngazi ya mlango. Kusema kweli, alifurahi. Alimwambia mkewe kwamba mkono wa mzee bado haujasahau kazi, na siku hiyo alikula akaongeza.

Siku chache baadaye nyumba ya muuza dawa ikaibiwa. Mlango haukuvunjwa. Mwizi alifunga alipotoka.

Benchini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja habari hiyo. Jalada alilisoma gazeti kuanzia ukurasa wa mbele, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Walikuwa katika kimya hicho alipoingia mwanamke mwenye khanga begani na chombo cha chakula mkononi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Shangazi mwishowe.

"Nimeambiwa hapa ndipo wanapokaa wazee wa upelelezi. Nimekuja kuwaomba msaada. Mume wangu ni yule fundi wa funguo." Alisubiri kidogo, kama anayetaka kuona kama wanamfahamu. "Kituoni wanasema kuna mtaalamu ndiye aliyemtambua. Jina hawanitajii. Nikasema huenda ninyi mnamjua, mkaongea naye kiutu uzima."

Mvuke ulipanda kutoka kwenye pasi ya dobi. Kikombe aliangalia viatu vyake.

"Huyo mtaalamu alimtambua kwa kitu gani?" aliuliza Jalada kutoka nyuma ya gazeti.

"Ati alitetemeka." Mwanamke alitabasamu, jinsi mtu anavyotabasamia kosa la mtoto. "Mume wangu ametetemeka tangu kabla sijamjua, baba. Ile mashine ya kukatia funguo ameishika tangu ujanani, ikamwingia mikononi na haikutoka. Mgahawani wanamtilia chai nusu kikombe. Siku ya ndoa yetu pete nilijivisha mwenyewe, watu wakacheka hadi basi. Mikono yake inatulia akishika ufunguo tu. Mtaa mzima unajua."

Mtaa mzima ulijua. Kikombe alipita kwenye kona ile kila asubuhi, akitazama mbele, akiwaza mambo ya nchi.

"Tutajaribu, mwanangu," alisema Shangazi.

"Mungu awabariki. Na mkimpata, mwambieni simchukii. Aje tu amwone mume wangu akifanya kazi. Atajua mwenyewe."

Akatoka. Khanga yake ilipepea mlangoni, kisha mlango ukabaki mtupu, na wale watatu wakaendelea kuutazama kama walivyozoea.

Kikombe alimgeukia dobi. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na siku ile ulikuwa hapahapa."

"Nilikuwa napiga pasi shati la mkuu." Dobi aliisimamisha pasi yake kwa kisigino, taratibu, asiunguze kitu. "Mlikuwa wapelelezi wanne humu ndani, mzee. Nikadhani mnajua zaidi yangu."

Kikombe alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni, masikio yale yale. Alitamani mtu amtukane. Tusi lingemsaidia, heshima ya yule mwanamke ndiyo iliyokuwa ikimchoma.

"Iache," alisema Jalada kwa sauti ya chini. "Kutetemeka si ushahidi. Wakili yeyote atakayesimama ataicheka kesi hiyo."

"Hana wakili," alisema Shangazi. "Na kesi inasikilizwa keshokutwa."

"Basi hakimu ataona mwenyewe. Ndugu yangu, nisikilize." Jalada alilikunja gazeti. "Ukivuka ile barabara ukasema ulikosea, hawatakuuliza habari za fundi peke yake. Una watu wako."

Wote watatu walielewa. Watu wake walikuwa wale wote waliokaa mbele ya kikombe miaka ile, kikalia, nao wakabaki. Kuna waliokiri alfajiri wakiwa wamechoka. Wengine walifungwa hadi nywele zikawageuka. Kikombe alikuwa akiwakumbuka kama kazi aliyoifanya vizuri. Sasa waliingia kichwani mmoja mmoja, na safari hii alikumbuka mikono yao: yupo aliyekuwa mwashi, yupo aliyekuwa mlevi, na yupo bibi kizee aliyesema ana baridi.

"Mimi ndiye niliyesema tuonyeshe," alisema Shangazi. "Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Twende wote."

"Hapana, dada yangu. Wewe ulicheka tu."

Alisimama. Barabara kati ya duka na kituo ilikuwa fupi, gari moja likipita lingine linasubiri, lakini aliivuka kama mtu anayetembea majini. Askari wa langoni alimpigia saluti. Kikombe hakuweza kuirudisha.

Ndani, mbele ya kaunta, watu walikuwa wamekaa kwenye viti wakisubiri zamu. Mke wa fundi alikuwa miongoni mwao, chombo cha chakula mapajani. Alipomwona mzee akiingia aliinuka, uso umechangamka.

"Umempata, baba? Mara hii?"

"Nimempata," alisema Kikombe.

Mkuu wa upelelezi alitoka ofisini akiwa amevaa lile lile shati. "Mwalimu, karibu. Tuingie ndani."

"Hapa panatosha, mwanangu. Nimekuja kuandikisha maelezo." Alishika ukingo wa kaunta. "Yule fundi, ni mimi niliyemponza. Mikono yake imeharibiwa na mashine. Nilimpa chai, ikamwagika, nikainua nyusi. Sikuuliza. Kazi yangu yote ilikuwa kuuliza, na hilo moja sikuliuliza."

Nyuma yake alisikia chombo cha chakula kikiwekwa kitini. Kikombe alingoja yule mwanamke aseme, hata neno moja, lakini hakusema, na mzee alilazimika kuendelea kusimama katika kimya kile, mgongo wake ukiwa upande wa watu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Mkuu wa upelelezi aliinama juu ya kaunta. "Mwalimu, diwani ameshatangaza. Nikimtoa huyu leo, kesho nahamishiwa porini."

"Najua. Na muuza dawa ameibiwa, hilo nawe unalijua. Andika."

"Nikiandika hivi, wanasheria hawataishia hapa." Kijana alikuwa akinong'ona sasa, na hakuwa na hasira, alikuwa anaomba. "Watafufua na za zamani. Watauliza kuhusu wale wengine wote. Mimi mwenyewe nilikuwepo kwenye baadhi. Watakuuliza, Mwalimu: na wale je? Utasemaje?"

Kalamu ya kijana ilikuwa imening'inia hewani. Mzee alipojibu, sauti ilikuwa ndogo mno hata ikabidi kijana asogeze sikio.

"Hata wale, mwanangu. Hata wale sijui."