Muthokoi Bila Maji

Jumapili iliyopita mke wa pasta alisimama mbele ya kanisa letu hapa Kikima, akafungua kitabu alichokiandika mdogo wangu, akasoma ukurasa mmoja. Akina mama wakalia. Mimi sikulia. Nilikaza mkoba magotini nikasema moyoni, huyo susu mnayemlilia ni wangu.

Susu ndivyo tulivyomwita nyanya. Na usinisikilize upande mmoja tu, rafiki yangu. Mdogo wangu naye alikuwa mjukuu wake. Lakini yeye alikaa mjini Salama na mama, kando ya barabara ya malori, akasoma sana. Mimi niliachwa huku mlimani na susu. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mahali, nivumilie.

Ni mimi niliyemsokotea susu katani ya viondo, juu ya paja, mpaka ngozi ikawaka moto. Ni mimi niliyejua harufu ya shuka lake, moshi na ugoro. Na muthokoi nilitwanga mimi. Mahindi unayatia kinuni, unanyunyiza maji kidogo, unatwanga taratibu mpaka maganda yatoke, unapepeta. Halafu yanachemka na maharagwe tangu asubuhi, hata jirani anajua leo mnakula nini. Susu alizoea kusema, "Maji ndiyo mkono wa pili."

Sasa kitabuni, msichana anayelala na susu na kumsokotea katani ni mdogo wangu. Mimi nimekuwa binamu fulani mwenye meno makubwa, anatokea mara mbili tu. Meno ni ya kweli, lazima niseme.

Nilikisoma mara tatu nikitafuta kosa. Nikalipata, tena kwenye ukurasa uleule wa kanisani. Msichana anatwanga muthokoi mkavu, bila hata tone la maji, mpaka viganja vinachubuka, na susu anamshika mikono, anampaka samli huku akimwimbia. Mkavu! Nilifurahi kama mtu aliyeokota mbuzi. Nikampigia simu.

"Umeaibisha Wakamba wote," nikamwambia. "Nani hutwanga muthokoi bila maji?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Si wewe ulinifundisha, dada? Likizo ile ya Agosti. Ukasema maji ni ya watoto, mtu mzima hutwanga makavu."

Nikakumbuka. Alikuwa amekuja na viatu vipya, na susu akampa nafasi yangu kitandani, ile ya ukutani. Asubuhi nikaficha bakuli la maji nyuma ya ghala nikamwambia maneno hayo. Nilitaka achekwe. Hakuna aliyecheka. Susu aliangalia mikono ya mdogo wangu iliyochubuka, akaniangalia mimi, akaenda kuleta samli. Nilisimama mlangoni na bakuli langu nikitazama. Mikono yangu ilikuwa imeshakuwa migumu zamani, na sugu haipakwi samli.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Nilikuwa na wivu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ai, dada! Miaka yote hiyo! Na nimewafundisha watoto wangu hivyo hivyo!" Akatulia. "Basi nirekebishe? Wachapishaji wanataka kukichapa tena."

Siku hizi muthokoi tunanunua sokoni, umeshakobolewa na mashine. Kinu cha susu kilipasuka, nikakichanja kuni mimi mwenyewe, kilikuwa kinazuia mlango. Kanisa zima lilisikiliza ukurasa ule na hakuna msichana hata mmoja aliyeshtuka. Nikafikiri: nikimwambia aweke maji, mikono haitachubuka. Isipochubuka, samli haitaletwa, na susu hatakuwa na sababu ya kumshika mtu mikono. Mimi pia ningependa kumwona akifanya hivyo tena, hata kama si kwangu.

"Iache," nikasema. "Lakini yule binamu mwongeze hapo. Msimamishe mlangoni, umpe bakuli la maji mkononi."

"Na meno?"

"Meno yaache yalivyo."