Chumba cha Ndani

Walinichukua kwa sababu ya buibui langu. Leo nalisema bila kuuma maneno, ingawa wakati ule niliamini ni alama zangu za chuo. Mradi ulionichukua ulikuwa ukichunguza mbu wa pwani, kutoka Malindi hadi Takaungu, na mtego wa mbu hautundikwi barazani. Hutundikwa karibu na kitanda anapolala mtu. Katika nyumba zetu kitanda kiko chumba cha ndani, na huko haingii mwanamume asiye wa nyumba. Wanafunzi wenzangu katika mafunzo yale walikuwa vijana wa kiume kutoka bara, werevu na wenye adabu zao, lakini kila walipopiga hodi waliishia kukaribishwa barazani.

Basi nikatumwa mimi, binti wa Malindi mwenye asili ya visiwani, niingie walikozuiwa wenzangu. Daktari aliyetusimamia, ambaye si daktari wa wagonjwa bali wa wadudu, alinisifu mbele ya wote. "Huyu ndiye anayetufungulia milango," alisema. Nilifurahi kama mtoto wa skuli aliyepewa kengele aigonge.

Mmoja wa walionifungulia alikuwa mama wa Takaungu, mjane anayepika mahamri ya kuuza. Kabla sijaufunga mtego, alitandika leso yake mpya juu ya kitanda, nisije nikaona godoro lilivyochakaa. Asubuhi niliporudi kuutoa, aliuinamia mfuko wa wavu, akawatazama mbu wakihangaika ndani.

"Hawa wana malaria, au ni wa kuuma tu?"

Nilimwambia kwa macho hatuwezi kujua, lazima wapelekwe maabara.

"Basi sikiza, mwanangu. Binti yangu yuwaja kutoka Mombasa. Ana mimba ya kwanza."

Hakuhitaji kunifafanulia. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Ukimwambia binti yako asije kuzaa nyumbani, umemfukuza. Majirani watauliza kuna ugomvi gani, na wakwe watawajibu kwa niaba yako. Dada wa mama huyu alikuwa na nyumba mtaa wa Barani, huku Malindi, ghorofani, madirisha yote yana waya wa mbu. Binti angeweza kuzalia huko.

"Lakini siwezi kumnyima mwanangu kitanda hiki kwa dhana tu," alisema. "Nataka neno la hakika. Ukinambia wana ugonjwa, aibu nitaimeza."

Nikamwahidi. Sikulitoa neno hilo kichwani mwangu. Daktari mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuwaambia wenye nyumba kwamba majibu watapata. Ahadi ni deni, na hilo lilikuwa letu sote.

Kila wiki niliuliza ofisini. Bado, maabara ina kazi nyingi. Bado, vuta subira. Binti akaja. Nilimkuta ameketi kitandani, miguu imevimba, anakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili huku mamake akikishona upya chandarua kikuukuu kilichokuwa kimetatuka. Mama hakuuliza tena kwa mdomo. Alinitazama tu, nami nikasema, "Bado, mama."

Kisha ukaitishwa mkutano katika hoteli moja Malindi. Walikuja wageni na maafisa, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuwamiminia maji, maana milango ilikwisha kufunguka. Daktari akaanza kuonyesha picha ukutani. Nikakiona kitanda. Nikaiona leso. Picha ile nilipiga mimi, nikiambiwa ni ya kuonyesha mtego ulipofungwa, na itabaki ofisini. Sasa ukumbi mzima wa wanaume, vinywa vimejaa sambusa, ulikuwa ukikitazama chumba ambacho hata shemeji wa yule mama hajawahi kukitia mguu.

"Katika nyumba hii," daktari alisema, "tulipata mbu wenye vimelea vya malaria." Akawashukuru wananchi kwa ushirikiano wao. Watu wakapiga makofi.

Wakati wa chai nilimfuata, nikamuuliza matokeo yametoka lini. Yalikuwa tayari kabla binti hajapanda basi la kuja Takaungu. Tayari! Na mimi nilikuwa nikienda pale na "bado" yangu.

"Matokeo ya nyumba moja moja hatutoi," alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Yatazua taharuki. Ripoti itakwenda kaunti, na kaunti itajua la kufanya."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale, na sioni haya kusema. Nikaliweka jagi mezani, nikaondoka.

Nilipofika Takaungu, niliona viatu vingi vya kike mlangoni. Jirani aliyekuwa akitoka aliniambia taratibu. Homa ilimshika binti, akakimbizwa hospitali Kilifi, wakasema malaria. Yeye yu hai. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya wakati wake, amekufa. Walimzika jana.

Kama ni mbu wa chumba kile au wa kwingine, hakuna ajuaye. Wasomi watapenda nilitaje hilo, basi nimelitaja. Ninachojua ni kwamba mama yule aliomba neno moja, na neno lilikuwapo.

Alitoka kunipokea, kanga kichwani, macho makavu. Nilimweleza yote, kwamba majibu yalikuwa tayari na hatukupewa. Picha sikumtajia. Msiba mmoja ulimtosha.

"Mimi sikukupa mbu, mwanangu," alisema. "Nilikupa chumba changu."

Akarudi ndani. Sikumfuata.

Wiki iliyofuata daktari alinipigia simu. Duru ya pili ya mitego inaanza, na nyumba ile sasa ni muhimu sana. Angependa niende mimi, kwa kuwa wananiamini. Nikamwambia kilichotokea pale, kuanzia homa hadi kaburi. Akasema pole. Kisha akaniuliza kama yule binti alikuwa akilala chumba kilekile chenye mtego, maana hilo lingefaa liingie kwenye ripoti.