Nilivyomfanya Mume Wangu Marehemu kwa Sonara

Nilikuwa nimechoka, ndiyo utetezi wangu pekee. Paa la nyumba yetu ya Visiga limevuja miaka mitatu, na mkufu wa dhahabu alionipa mama mkwe siku ya harusi sikuwahi kuupenda. Nikaamua kuuuza kimyakimya. Kibaha sikuthubutu, kwa sababu sonara wa pale huswali msikiti mmoja na mume wangu. Nikaenda Kisarawe, nikijiona mjanja.

Sonara aliupima, kisha akanitazama. "Dada, mumeo anajua kama unauuza?"

Ningejibu ndiyo, yangekwisha. Badala yake nikasema, "Ni marehemu."

Akanipa pole. Nikaona haitoshi, nikaeleza alivyougua hadi akashindwa kumeza uji, na machozi yakanitoka kweli.

Kwenye benchi alikaa mwanamke mwenye nikabu, akisubiri hereni zake zichomelewe. Akaipandisha nikabu taratibu. Alikuwa Mwanaidi, dada wa mume wangu, aliyeolewa Maneromango.

"Wifi," akaniuliza kwa upole, "huyo aliyenipigia simu asubuhi hii ni nani?"